Kiti cha Mkono wa Kulia

Mteja mpya akifika kwa Bi Viti, jambo la kwanza analofanya ni kuomba radhi na kutaka kurudi alikotoka. Mbele ni karakana ya seremala, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nyuma ya karakana kuna mlango mzito uliogongomewa vipande vya godoro kuukuu. Ukiusukuma huo mlango, huoni gitaa wala ngoma. Unaona vigoda vimepangwa sakafuni nusu duara, vitupu, kana kwamba kuna wageni wanasubiriwa. Hapo ndipo mwanamke mwenye miwani iliyoteremka puani husema bila kuinua kichwa, "Hujapotea. Ingia, funga mlango, vumbi hilo."

Kazi yake ni kuchanganya sauti. Waimbaji na wapigaji wakishamaliza kurekodi wakaenda zao, yeye hubaki na kila sauti peke yake, kama mtu aliyeachiwa watoto wa jirani, na ni juu yake kuwaketisha wasigombane. Maana wimbo una sauti nyingi, na msikilizaji ana masikio mawili tu. Ukizirundika zote katikati zitakanyagana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Kwa hiyo huzigawa. Besi na mwimbaji hubaki katikati, gitaa moja husogea kushoto kidogo, la pili kulia, kayamba huenda pembeni kabisa. Mezani kwake kuna vitufe vya kuzungusha, kila sauti na chake. Ukikipeleka kushoto sauti inahamia sikio la kushoto, ukikirudisha inarudi.

Mafundi wengine hutazama vitufe na kioo cha kompyuta, basi. Yeye hakuweza kamwe kumpeleka mtu upande fulani kabla ya kujua amekaa wapi. Ndiyo maana ya vigoda. Anasimama katikati ya spika mbili, anavipanga mbele yake, juu ya kimoja anaweka kofia kwa ajili ya mpiga gitaa, juu ya kingine kikombe kwa ajili ya mpiga kinanda, halafu anarudi mezani na kuzungusha vitufe mpaka sauti ikae pale kilipo kigoda. Mdogo wake wa kiume, huyo seremala, ndiye aliyemtengenezea, na ndiye aliyempa hilo jina. Alilitoa kwa kejeli, likashika.

Siku moja alikuja kwake mwimbaji wa bendi ya harusi, kijana wa mashati ya kumetameta, akasimama kando ya meza yake.

"Bi Viti, mimi nataka nisikike katikati, halafu kushoto, halafu na kulia."

"Na wenzako wakae wapi?"

"Wenzangu watajibana."

"Sawa. Ila nambie, baba, utakuwa umekaa au umelala?"

Seremala, aliyekuwa amechungulia mlangoni na penseli sikioni, alicheka mpaka penseli ikaanguka. Kijana naye akacheka, akapewa kigoda kimoja cha katikati kama watu wote.

Ndugu hawa wawili waliishi kwa mapatano. Msumeno wa umeme ukinguruma, dada hawezi kurekodi. Dada akirekodi, msumeno lazima unyamaze. Palikuwa na kamba iliyopita tunduni ukutani, na mwisho wa kamba kengele ya baiskeli. Ikilia mara moja, zima. Ikilia tena, washa. Wateja wa milango na madirisha walizoea kumwona seremala ameketi juu ya ubao katikati ya saa za kazi, mikono magotini, na wakimuuliza vipi huwajibu, "Nimezimwa."

Sikio la Bi Viti lilipatikana mbali na hapo, kwenye mashine ya kusaga nafaka. Baba yake ndiye aliyeiendesha, mashine ya mtu mwingine, tangu ujana wake mpaka mwenye mashine alipoiuza. Mota ilikuwa kushoto kwake, mkanda ukipita karibu na bega. Foleni ya watu na madebe yao ilipita kulia. Alikuwa fundi wa kusikiliza. Mawe yakianza kusugana vibaya, yeye alijua kabla unga haujabadilika rangi.

Mama yake alikuwa mtu wa foleni. Alikuja na debe kichwani na ulimi usiotulia, na ili watu wasichoke kusubiri akatunga wimbo wa kumchokoza msagaji. Yeye aliimba, "Saga polepole, sina haraka ya kurudi." Siku za mwanzo msagaji alijifanya hasikii. Halafu siku moja, akiwa amewageuzia watu mgongo, akajibu kwa sauti nzito, "Nikisaga polepole, foleni itanisema." Foleni ikapiga vigelegele, na mambo yao yakawa yameshajulikana kabla wao wenyewe hawajaambiana.

Walioana, wakaimba wimbo huo maisha yao yote. Jioni waliketi barazani kwenye benchi la mbao, baba na mama bega kwa bega, watoto chini kwenye mkeka wakiwatazama na sahani zao mapajani. Mama akianzisha, baba akijibu. Kila mara wakiongeza maneno mapya, mara mkwe kaingizwa humo, mara jogoo wa jirani. Benchi lile lilikuwa na sheria moja: upande wa kulia wa baba ulikuwa wa mama. Bi Viti alipokuwa mdogo alijaribu kuukalia, mama akamwinua kwa kwapa, taratibu, akamshusha mkekani.

"Huku ni kwangu, mwanangu. Siku ukipata wako utachagua upande."

Alipofungua chumba chake cha sauti, wageni wa kwanza walikuwa hao hao wazazi. Alitaka kujaribu mitambo. Aliwasimamisha wakitazamana, kila mtu na maiki yake, akavuta kamba, msumeno ukazimwa, nao wakaimba. Mama alisahau maneno, akacheka, akatunga mengine hapo hapo. Baba alijibu amefumba macho. Bi Viti aliiweka rekodi ile akisema ataimalizia akipata nafasi. Nafasi ilikuwa ya wateja. Aisee, kazi ya nyumbani ndiyo husubiri. Mama akaugua, akafa, na wimbo ukiwa bado mbichi ndani ya mashine.

Baba hakutaka kuusikia. Kila alipotajiwa alisema, "Bado," na kila mwaka ulikuwa bado. Bi Viti hakumsukuma. Alimfulia, alimletea dawa, alimkata kucha, na wimbo hakuutaja. Mpaka siku moja mzee mwenyewe, akiwa anasindikiza binti yake hadi kwenye lango, akasema akitazama chini:

"Ule wimbo wa mama yako. Nitausikiliza. Mara moja tu, halafu uuweke."

"Nitakutengenezea vizuri, baba."

"Mara moja, nimesema. Moyo wangu si gunia."

Sasa ikawa kazi ambayo Bi Viti hajawahi kuwa na nyingine kama hiyo. Mara moja tu. Alisafisha kila mlio wa viatu na kila kikohozi, ila kicheko cha mama hakukigusa. Ilipofika kuwaketisha, hakuhitaji kufikiri. Aliweka vigoda viwili tu, akakaa chini sakafuni mbele yavyo kama alivyokuwa akikaa mkekani, akafumba macho akawaona. Mama kushoto. Baba kulia. Akazungusha vitufe mpaka mwisho, huyu upande wake na yule upande wake, wasipandane, kila mmoja asikike mpaka pumzi. Alipousikiliza alilia kidogo, akapangusa miwani, akajiambia kazi imekaa.

Mzee alikuja amevaa shati la kutokea. Seremala alizima msumeno kabla hata ya kamba, akamwambia mteja aende akanywe chai arudi. Bi Viti alimketisha baba yake kwenye kiti chenye mikono, akamvika hedifoni kubwa zilizofunika masikio yote mawili, kwa sababu spika zingechanganya sauti na kuta na yeye alitaka baba asikie kila kitu kisafi. Akabonyeza.

Alimtazama usoni. Mwanzoni mzee alitulia. Kisha uso ukaanza kukunjamana, si kwa kilio, kwa kutafuta. Alikaza hedifoni kwa kiganja. Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza ukutani. Wimbo ulipokwisha alizivua polepole akazishika mapajani.

"Mbona mama yako umemweka nyuma ya mlango?"

"Nyuma ya mlango vipi, baba?"

"Namsikia kwa mbali. Kama yuko chumba cha pili anatwanga. Mimi ndiye niko hapa mbele napiga kelele peke yangu."

"Yupo, baba. Yupo hapo hapo kushoto, sauti yake imekuja juu kuliko yako."

Mkono wa mzee ulipanda hadi sikio la kushoto, ukaligusa, ukashuka.

"Basi," alisema. "Ni nzuri. Umefanya kazi. Iweke sasa."

Akasimama, akamshukuru mwanawe wa kiume kwa kuzima mashine, akaenda zake.

Bi Viti alibaki amekodolea macho vigoda viwili. Alichunguza waya, akabadilisha hedifoni, akasikiliza tena. Mama alikuwa pale, wazi kama maji. Akamwita mdogo wake, akamvika.

"Unamsikia mama?"

Seremala alitoa macho, akatabasamu. "Huyu hapa! Kanikalia sikioni, ananisengenya."

"Mzee anasema yuko nyuma ya mlango."

"Dada, mzee ana huzuni. Labda huo mlango ni wa kwake, wewe huna ufunguo."

Maneno mazuri, lakini hayakumtosha. Mtu hawezi kusema sauti iko chumba cha pili kwa huzuni tu. Huzuni haina mita za umbali. Na tena, kitu kimoja kilimwasha: ile maiki ya baba. Siku ile walisimama karibu, na sauti ya mama ilivuja kidogo ikaingia kwenye maiki ya baba. Ukisikiliza upande wa kulia peke yake, unamsikia baba kwa nguvu na mama kwa mbali sana, kama yuko nyuma ya mlango. Alivua upande mmoja wa hedifoni akajaribu. Ndiyo. Hivyo hivyo kabisa. Lakini kwa nini mtu asikilize upande mmoja na hedifoni kavaa zote?

Wiki hiyo alipoenda kufua kwa baba yake, hilo swali alikwenda nalo. Mzee alikuwa barazani kwenye benchi lile lile, amekaa mwisho wa kushoto, bega lake karibu kugusa ukuta, na upande wa kulia umeachwa wazi. Bi Viti alitoka jikoni na kikombe kupitia mlango ulio upande wa ukuta, akasimama karibu naye.

"Baba, sukari niongeze?"

Mzee aliendelea kutazama barabarani.

Amenikasirikia, aliwaza. Akazunguka nyuma ya benchi, akatokea upande wa pili. "Baba, chai."

"Ah!" Mzee alishtuka hadi akacheka. "Umefika saa ngapi hapo? Unatembea kama paka."

Bi Viti aliketi. Aliketi pale pale palipokatazwa, na alipoketi, mambo yakaanza kumjia, moja likivuta lingine, kama uzi wa fulana. Benchi lilisukumwa ukutani na nani? Na mama. Wakitembea njiani, mama alikuwa kulia kwa baba hata kama kulia ni upande wa magari, na watoto walimcheka kwamba anataka kugongwa. Wageni wakija, mama alikuwa akiwapokea akiwaelekeza, "Kaa huku, mgeni, huku kuna upepo," na huo upepo haukuhama hata siku moja. Simu, baba aliishika kulia. Na kwenye msiba, watu waliinama kumpa pole, akawajibu wengine na wengine akawapita kama hawapo, na wote wakasema ni uchungu, mwacheni.

Mota ilikuwa kushoto kwake. Miaka yote ile, mkanda ukipita karibu na bega.

Yeye, Bi Viti, anayeweza kusikia msumari ukianguka ndani ya wimbo, hakuwa amesikia hilo. Na alikuwa amemchukua mama yake, akamketisha kwa uangalifu wote, mahali pekee duniani ambapo baba hawezi kumsikia. Kosa lake lilikuwa dogo sana, na la kifundi. Aliwapanga kama alivyowaona yeye akiwa mkekani. Lakini mtu wa mkekani huwaona walio kwenye benchi kinyume; kulia kwao ni kushoto kwake. Wimbo ulikuwa wa baba, na yeye alikuwa ameupanga kutoka mahali pake mwenyewe.

Alikunywa chai yake mpaka nusu kabla ya kusema.

"Baba, ule wimbo. Nilikosea."

"Hukukosea. Ni mzuri."

"Niliwaketisha vibaya. Niliwaweka kama nilivyokuwa nawaona nikiwa chini pale, nakula. Mama nikampeleka kushoto."

Mzee aligeuza kichwa akamtazama. "Mama yako hakukaa kushoto."

"Ndilo ninalosema."

"Maisha yake yote hakukaa kushoto."

"Najua, baba. Sasa najua."

Mzee alizungusha kikombe mkononi. Kuna mlango ambao mtoto hausukumi. Hungoja ufunguliwe kwa ndani.

"Alikuambia?" mzee aliuliza.

"Hakuniambia neno."

"Hakumwambia mtu yeyote." Alicheka puani. "Msagaji asiyesikia mota, nani atamwachia mashine? Sikio hili la kushoto lilianza kufa kidogo kidogo. Nikamwambia yeye peke yake. Akasema, 'Basi mimi nitakaa upande ulio hai.' Akahamia. Ndivyo alivyosema, upande ulio hai. Mashine ilipouzwa nikataka kuwaambia, nikaona, aa, mmeshazoea kuona tunapendana, kwa nini niwaharibie?"

"Kwani hamkupendana?"

"We mtoto, una adabu?"

Wakacheka wote wawili, na mzee akafuta jicho kwa kifundo cha kidole, akasingizia moshi wa jikoni, na jikoni hapakuwa na moto.

"Ulisema mara moja tu," Bi Viti alisema. "Na mara hiyo nimeiharibu."

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa neno lake.

"Ile haikuwa mara," alisema mwishowe. "Nilijisikia mwenyewe tu. Mara bado haijafika."

Kazi yenyewe haikuwa kazi. Bi Viti alirudi chumbani kwake, akavihamisha vigoda viwili, kimoja mahali pa mwenzake, na safari hii hakukaa sakafuni mbele yavyo. Alikaa juu ya cha baba. Alinyoosha mkono wa kulia ukagusa kigoda cha mama. Kisha akaenda mezani akazungusha vitufe viwili, huyu huku, yule kule. Alifikiri kama awaweke wote wawili upande ulio hai, ili mzee asikose chochote. Akakataa. Wawili hawakalii kigoda kimoja, hata wakiwa maharusi wa benchi lile. Na baba hakuwa ameomba asikie kila kitu. Alichotaka ni kumsikia mtu mmoja.

Mzee alikuja tena na shati lile lile. Msumeno ukanyamaza, na mteja wa milango akatumwa kwanza akanywe chai. Bi Viti alimvika hedifoni, akaketi kwenye kigoda kulia kwake, akabonyeza.

"Saga polepole..."

Mzee alikamata ukingo wa kiti. Kichwa kiligeuka kulia, chenyewe, kama mtu aliyeitwa njiani kwa jina lake la utotoni, na macho yakatua kwa binti yake yakampita, yakaenda kumtazama mwingine. Mama alipofika pale alipoyasahau maneno akacheka, mzee naye akacheka, palepale, kwa kuchelewa kidogo, kama alivyokuwa akicheka siku zote akisubiri amalize kwanza. Midomo yake ilijibu kimyakimya kila ilipofika zamu yake.

Wimbo ukaisha. Hakuvua hedifoni.

"Sasa mimi ndiye niko nyuma ya mlango," alisema kwa sauti kubwa, ile ya watu waliozibwa masikio.

"Nikusogeze karibu?"

"Niache huko huko. Nilishajisikia sana." Akapangusa uso kwa kiganja chote. Halafu akanyoosha kidole kimoja kuelekea mezani, na binti yake, aliyekuwa ameshaanza kunyanyuka akaweke wimbo kama alivyoagizwa, akasubiri.

"Rudisha mwanzo."

Akarudisha mwanzo.

Mlango wa godoro ulifunguka kidogo, ikaingia pua ya seremala, kisha penseli, kisha sauti ya kunong'ona. "Dada. Yule mteja wa milango amesharudi kutoka kunywa chai. Anauliza nimezimwa mpaka lini."

Bi Viti alimwonyesha baba yao kwa kidevu. Mzee aliwaona midomo ikitembea, akainua upande wa kulia wa hedifoni, kidogo tu, kama mtu anayechungulia wageni bila kuwakaribisha.

"Anasema nini?"

"Anasema kuna mtu anasubiri, baba. Ana milango yake."

"Mwambie asubiri," mzee alisema, akairudisha hedifoni sikioni. "Mwambie hatuna haraka ya kurudi."